Geti la mota na mlango wa garaji: mwongozo kamili wa usalama kwa mwenye nyumba wa Lubumbashi

Mtu akijenga Lubumbashi, ukuta na geti huja kabla hata ya rangi ya nyumba. Geti linatengenezwa na fundi wa kuchomelea wa mtaani, kubwa, zito, limefunikwa bati nene ili walio barabarani wasione ndani. Miaka michache baadaye mwenye nyumba ananunua mota iliyopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, anapewa telekomande mbili, na tangu siku hiyo hakuna tena anayelisukuma geti kwa mkono. Hapo hatari inaanza kujificha. Mota haipunguzi uzito wa geti. Inafanya tu wenye nyumba wasiuhisi tena.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na chuma, umeme unakuja baadaye. Fundi akija kwako na kufungua boksi la mota kabla ya kulisukuma geti kwa mkono, mwambie angoje kwanza.

Hatua ya 1: Lijue geti lako na uzito wake

Kuna aina nne utakazozikuta mjini. Geti linalotembea juu ya reli ndilo unaloliona kila kona, Golf, Bel-Air, Kalubwe, popote. Lipo la mabawa mawili. Kwenye nyumba za zamani, zile za wakati wa Wabelgiji, utakuta garaji yenye mlango wa kipande kimoja unaobinuka kuelekea darini. Na nyumba mpya zinaweka mlango wa vipande vilivyounganishwa kwa bawaba, unaopanda kwenye reli mbili na kubebwa na springi nene iliyofungwa juu ya mlango.

Uzito unaweza kuukadiria bila mizani. Bati la chuma la milimita 2 lina karibu kilo 16 kwa kila mita ya mraba. Geti la mita 4 kwa mita 2.2 lina mita za mraba 8.8, yaani kilo 140 za bati peke yake. Weka fremu, vyuma vya katikati na mikuki ya juu, unavuka kilo 200 kirahisi. Fundi akiwa amefunika pande zote mbili, bati tu linakaribia kilo 280. Iandike hesabu hiyo. Kila mota ina kikomo cha uzito kwenye kibandiko chake, na muuzaji hatakuuliza geti lako lina kilo ngapi.

Hatua ya 2: Zima umeme, litoe kwenye mota, lisukume

Kwa geti la reli, tafuta ufunguo unaofungua kishikio kwenye boksi la mota. Kwa mlango wa garaji, ni kamba fupi yenye kishikio, mara nyingi chekundu, inayoning'inia kutoka kwenye reli ya darini. Kamba hiyo ivute mlango ukiwa umefungwa, chini kabisa. Ukiivuta mlango ukiwa juu na kumbe springi imekatika, mlango mzima unashuka kwa uzito wake na hakuna mikono itakayoudaka.

Sasa sukuma. Geti la reli liende na mtu mzima mmoja bila yeye kuliegemea kwa bega. Sikiliza: mkwaruzo wa mfululizo ni beringi zilizokufa, na kugonga kwa mara mojamoja ni reli iliyopinda au jiwe lililokaa humo. Liache katikati ya njia. Likianza kutembea lenyewe, reli ina mteremko, na siku mota itakapoachiliwa litamkimbilia mtu. Bukavu, kwa ile milima yao, jambo hili ni la kila nyumba. Ndugu zetu wa Goma nao wana la kwao: matetemeko yaliyofuata mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 yalipasua kuta nyingi, na nguzo iliyoegemea kidogo tu inatosha kulitoa geti kwenye mstari. Weka timazi kwenye nguzo kabla ya kumlaumu fundi wa mota.

Mlango wa garaji wa springi uinue kwa mkono mpaka usawa wa kiuno, kisha uuachie taratibu huku mikono ikiwa karibu. Mlango wenye mizani nzuri unabaki pale, au unasogea kidogo. Ukishuka kwa kishindo au ukapaa juu, springi hazilingani tena na uzito. Usiurudishe kwenye mota mpaka zirekebishwe.

Hatua ya 3: Vizuizi vya mwisho na rola za juu

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapokufa.

Geti la reli limesimama juu ya magurudumu mawili yenye mfereji, unene wa vidole viwili au vitatu. Lenyewe haliwezi kusimama. Linashikwa na rola za juu zilizofungwa kwenye nguzo, basi. Likisukumwa kupita mwisho wa safari yake, ukingo wake wa nyuma unatoka kwenye rola, na kilo 200 zinaangukia upande wowote unaotaka. Aliye karibu wakati huo ni yule anayelisukuma, na mchana, wakubwa wakiwa kazini, huyo mara nyingi ni mtoto.

Angalia mambo haya, ukiwa umesimama kwenye ncha ya geti na si ubavuni mwake.

Je, kuna kizuizi cha chuma pande zote mbili, kufungua na kufunga? Kiwe kimezikwa kwenye zege au kuchomelewa kwenye nguzo iliyozikwa. Nondo fupi iliyochomelewa juu ya reli kwa doa mbili haitoshi. Geti zito likija kwa kasi linaing'oa au linaipanda. Kiwe kirefu kuliko nusu ya gurudumu ili kisipandike.

Geti likigusa kizuizi cha kufungua, je, bado limeshikwa na rola zote za juu? Hili ndilo swali lenyewe. Ukikuta ukingo umebakiza sentimita chache tu kutoka kwenye rola ya mwisho, kizuizi kisogezwe leo, si wiki ijayo. Rola ziwe jozi mbili zilizoachana, maana jozi moja inaliacha geti liyumbe kama mlevi.

Mota nayo ina swichi ya kusimamia mwishoni mwa safari. Mafundi wengine watakuambia hiyo ndiyo kizuizi. Si kweli. Swichi ni ya kuiambia mota iache kuvuta; siku umeme umekatika na mtu anasukuma kwa mkono, swichi haipo kazini.

Nyongeza ambayo ningeilipia bila kubishana: upinde wa chuma uliozikwa, unaopita juu ya geti bila kuligusa. Rola zikivunjika, geti linaegemea upinde badala ya kulala chini. Fundi wa kuchomelea anaumaliza kwa siku moja na bomba lililobaki.

Reli yenyewe inataka ufagio. Kuanzia Novemba mvua ikianza, matope mekundu yanajaa humo na kukauka, gurudumu linapanda juu ya udongo na kutoka njiani. Usiipake grisi, grisi inashika vumbi la kiangazi na kuwa msasa. Reli ibaki kavu na safi, mafuta mepesi yaende kwenye beringi.

Hatua ya 4: Springi na nyaya za chuma: tazama, usiguse

Springi ya mlango wa garaji ndiyo inayobeba uzito wote. Mota inaongoza tu. Springi imekazwa kwa nguvu ambayo ikifunguka ghafla inavunja mfupa wa mkono au wa uso. Kuifungua kwa spana ya kawaida ni kazi ambayo mwenye nyumba haifanyi, hata kama ni fundi wa magari.

Kutazama unaweza. Springi ya juu ya mlango iliyokatika inaonyesha mwanya wa sentimita kadhaa kati ya mizunguko yake, na siku ilipokatika huenda mlisikia mlio kama wa bunduki. Nyaya za kando zikianza kutoa nyuzi, zimekwisha. Bolti za kipande cha chini kabisa, pale waya unapofungwa kwenye mlango, zisiguswe na yeyote, kwa sababu zimebeba mvuto wote wa springi. Milango ya zamani ya kubinuka ina springi ndefu za kando. Kila moja ipitishiwe waya wa chuma katikati, uliofungwa ncha zote mbili, ili ikikatika isiruke.

Springi za kawaida zimetengenezwa kwa safari kama 10,000 za kufungua na kufunga. Familia inayofungua mara 4 kwa siku inazimaliza kwa karibu miaka 7. Yenye magari matatu na wageni wa kila jioni isishangae zikikatika katika mwaka wa nne.

Hatua ya 5: Nguvu ya mota

Chuma kikiwa sawa, rudisha umeme.

Marekani, kila mota ya mlango wa garaji wa nyumbani iliyotengenezwa tangu tarehe 1 Januari 1993 inapaswa kuurudisha mlango juu ndani ya sekunde 2 ukigusa kitu, na iwe pia na kinga ya pili, kama vile jicho la umeme tutakalolikuta Hatua ya 6. Sheria hiyo ilitokana na vifo vya watoto waliobanwa chini ya milango. Ulaya, kanuni ya usalama wa mageti ya mota, EN 12453, inasema geti linapombana mtu kwenye nafasi nyembamba lisizidi nyutoni 400, karibu na kuwekewa kilo 40 mwilini, na nguvu hiyo ishuke chini ya nyutoni 150 ndani ya robo tatu ya sekunde. Uingereza, katikati ya mwaka 2010, wasichana wawili wadogo walikufa katika miji miwili tofauti ndani ya wiki moja, wote wamebanwa na mageti ya umeme. 

Jaribio la mlango wa garaji ni rahisi. Laza ubao wa unene wa sentimita 4 sakafuni, katikati ya mlango, ubonyeze kufunga. Mlango ugonge ubao na urudi juu ndani ya sekunde 2. Ukisimama tu na kuubana ubao, haujafaulu. Kwa geti la reli, simamisha boksi gumu au mti dhidi ya nguzo inayolipokea geti. Usitumie mkono, mguu, wala kijana wa nyumbani.

Halafu kuna jambo la kwetu ambalo kitabu cha mota hakilitaji: volti. Mota ya kawaida ya umeme wa 220 hupoteza nguvu haraka kuliko volti zinavyoshuka. Volti zikitoka 220 kwenda 180, inabakiwa na theluthi mbili tu za nguvu yake. Saa moja jioni mtaa mzima umewasha majiko, geti linagoma, fundi anaitwa, anazungusha kirekebisho cha nguvu ya mota mpaka geti linatembea, analipwa, anaondoka. Saa nane usiku volti zinarudi 220, na geti sasa linafunga kwa nguvu mara moja na nusu ya ile aliyoipima. Asubuhi mtoto anatoka kwenda shule.

Kwa hiyo marekebisho na majaribio ya nguvu yafanyike wakati volti ziko juu, na fundi azipime mbele yako kwa mita. Geti likigoma jioni, dawa ni stabilizata, kifaa cha kusawazisha volti, au mota ya volti 24 inayotembea kwa betri, ambayo ndiyo ningemshauri yeyote anayenunua leo.

Hatua ya 6: Macho ya umeme

Fotoseli ni vile visanduku viwili vinavyotazamana kutoka upande mmoja wa njia hadi mwingine. Kimoja kinatuma mwanga usioonekana, kingine kinaupokea. Mwanga ukikatwa geti likiwa linafunga, lisimame na kurudi.

Kwa mlango wa garaji kanuni ya Marekani inataka yawekwe yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, ili yamwone mtoto anayetambaa. Kwa geti la barabarani kimo hicho peke yake kina kasoro: Land Cruiser ikisimama njiani, mwanga unapita chini ya tumbo lake kati ya magurudumu, na geti linaamini njia iko wazi. Weka jozi mbili, ya chini na nyingine kwenye sentimita 50 au 60. Kile kinachopokea kisitazame jua la asubuhi au la jioni, litakipofusha.

Jaribu kwa fimbo ya ufagio: bonyeza kufunga, pitisha fimbo kwenye mstari. Kisha fungua kifuniko cha boksi la mota utazame ndani, umeme ukiwa umezimwa. Ukikuta kijiwaya kifupi, pengine hata hakina plastiki, kimeunganisha tundu mbili za fotoseli kwenye bodi ya umeme ya mota, maana yake kuna siku macho yalikuwa na vumbi au waya wake ulikatwa na jembe, na mtu akaona ni rahisi kulidanganya geti kuliko kulitengeneza. Visanduku bado viko ukutani, vina taa nyekundu, vinapendeza. Havioni kitu. Hili ni jambo la kwanza kulitafuta ukihamia nyumba ya kupanga.

Kujifunga kwenyewe baada ya muda, ile ya sekunde 30, kuzimwe kabisa kama fotoseli hazifanyi kazi.

Hatua ya 7: Mianya na mlango mdogo

Geti la vyuma lisilo na bati linabana mkono linapopita kwenye nguzo. Lifunike kwa wavu mwembamba. La mabawa linabana vidole upande wa bawaba, kwa hiyo funga mpira hapo. Mlango mdogo wa waenda kwa miguu uliokatwa ndani ya geti kubwa uwe na swichi inayoizuia mota kutembea ukiwa wazi. Bila hiyo, mgeni aliyeweka mguu mmoja ndani anakatwa na fremu. Kitufe cha ukutani kikae mita 1.5 kutoka chini, mahali ambapo anayebonyeza analiona geti lote.

Hatua ya 8: Umeme ukikatika

Kila mkubwa wa nyumba, pamoja na mlinzi, ajue kulitoa geti kwenye mota, gizani, bila kusoma karatasi. Ufunguo mmoja ukae kwa mlinzi na mwingine ndani. Nyumba ikishika moto au mgonjwa akizidiwa usiku, huo ndio mlango wenu wa kutokea. Garaji isiyo na mlango mwingine iwe na kufuli ya kuachilia kwa nje.

Betri ya akiba hufa polepole bila kusema. Ijaribu mwenyewe: zima swichi ya geti, fungua na funga mara mbili. Ikisuasua, inunuliwe nyingine. Umeme unaporudi, mota nyingi hutembea taratibu safari ya kwanza zikitafuta mwisho wa njia. Msisimame karibu.

Laini ya mota iwe na swichi yake kwenye boksi la umeme, yenye kinga ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja, na waya wa ardhi ulio ardhini kweli. Radi za Februari zinaua bodi nyingi. Wingu likitanda, chomoa.

Hatua ya 9: Telekomande

Telekomande za zamani zenye vijiswichi vidogo ndani hutuma namba ileile kila mara, na anayechonga funguo sokoni anaweza kuinakili kwa dakika. Za kisasa hubadilisha namba kila unapobonyeza. Nunua hizo. Mfanyakazi akiondoka au telekomande ikipotea, futa zote kwenye kumbukumbu ya mota na uandike upya zilizobaki. Usiiache ikining'inia garini ukiegesha mjini, pamoja na karatasi za gari zenye anwani ya nyumba.

Hatua ya 10: Jenereta, mbabula na garaji iliyofungwa

Hii haihusu geti moja kwa moja, lakini mlango mzuri wa garaji ndio unaoifanya iue. Jenereta huwekwa garaji ili isiibiwe na kelele isisumbue. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi. Kuufungua mlango nusu hakutoshi. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote, moshi ukielekea upande usio na nyumba. Kama ni wizi unaogopa, ijengewe kibanda cha nondo kilicho wazi pande zote.

Mbabula, yaani jiko la makaa, nayo ni vilevile. Juni na Julai usiku wa Lubumbashi ni baridi ya kweli, na mlinzi ataivuta ndani ya garaji na kufunga mlango. Makaa yaliyokwisha kuwa mekundu bila moshi yanatoa gesi hiyohiyo. Mpe baba mlinzi blanketi nzito na koti, na umweleze dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito usio wa kawaida. Akizihisi atoke nje kwanza, halafu ndipo aulize ni nini.

Kabla ya kumlipa fundi

Fundi asiondoke kabla hamjafanya mbele ya wote wawili: ubao wa sentimita 4, fimbo kwenye fotoseli, kuachilia kwa mkono, na geti kugusa vizuizi likiwa bado kwenye rola. Aandike kikomo cha mota, volti alizopima na tarehe, ubandike ndani ya kifuniko cha boksi. Ubao na fimbo virudiwe kila mwezi, ni kazi ya dakika kumi. Reli ifagiliwe kila wiki kuanzia mvua za Novemba mpaka Machi, na beringi zitiwe mafuta vumbi likianza Mei.